Mkwe wa Kijiji Kitupu

Mliniomba niseme maneno mawili siku ya kukata keki ya kuniaga, nikakataa, mkadhani naringa. Siringi. Mimi nikisimama mbele ya watu ulimi unakuwa mzito, na keki yenyewe mliiweka juu ya jeneza jipya, nani angekula hapo. Sasa niko nyumbani Kakamega, nimekaa kwenye kiti changu, mvua imekataa kuisha, na nimeona niwaandikie nyinyi mnaobaki kwenye ile karakana yetu ya Al Ras, nyuma ya maduka ya viungo. Vyeo nilivyopewa na mshahara nilioongezwa sitavitaja, maana havikuwa vya kutajwa. Nitawaambia kazi yenyewe, na safari moja ambayo mmekuwa mkiisikia nusunusu mkicheka, ile ya mimi kuoa Ulaya.

Kabla ya Dubai nilikuwa fundi wa jua kali. Nilitengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, yale ya kufuli, jina la mtoto limeandikwa juu kwa rangi nyeupe. Nilipofika Dubai waliniweka Jebel Ali kuchomelea milango ya maghala, nikakaa huko mpaka mgongo ukaanza kulalamika. Siku moja mtu akaja akiulizia fundi anayejua bati jembamba. Nikasema mimi nalijua, nimetengeneza masanduku maisha yangu yote. Hakuniambia sanduku la nini, nami sikuuliza, kwa sababu aliyekaa Jebel Ali mwezi wa Agosti haulizi maswali akiambiwa kuna kazi ya kivulini.

Mtu huyo alikuwa Bwana Nasoro, mzee wa Kiunguja ambaye familia yake ilihamia Dubai yeye akiwa mdogo. Alivaa kanzu nyeupe hata karakanani na hakuwahi kuichafua, jambo ambalo sijalielewa hadi leo. Kazi aliyonipa mnaijua, lakini naieleza kwa atakayeajiriwa kesho. Mgeni akifa Dubai na watu wake wakamtaka nyumbani, maiti hutiwa dawa, huwekwa kwenye jeneza, na ndani ya jeneza kuna kasha la bati la zinki ambalo lazima lizibwe kwa lehemu pande zote, hewa isipite. Bila hivyo ndege haimpokei. Anayeziba nilikuwa mimi. Halafu kifuniko cha mbao hukazwa kwa skrubu, na upande wa kichwa huandikwa KICHWA kwa kalamu nene, ili wapakiaji wasimsimamishe mtu wa watu miguu juu.

Siku yangu ya kwanza nilimziba mwanamume mmoja wa Kifilipino. Nilikuwa nimemaliza, nimeweka pasi ya kulehemia chini, nikasikia ko, ko, ndani ya sanduku. Nilitoka kwa mlango ambao hata sikujua upo. Bwana Nasoro alinikuta nje nimeshika ukuta.

"Umesikia?" akaniuliza.

Nikamwambia nimesikia, na huyo mtu afunguliwe haraka.

"Sikiliza bwana," akasema, taratibu kabisa. "Bati likipoa hujivuta, na likijivuta hugonga. Likipata joto hujitanua, hugonga vilevile. Hiyo ndiyo tabia yake. Yule wa ndani keshamaliza mambo yake, hana haja nawe."

Nikarudi. Baada ya hapo niliwasikia wengi wakigonga na sikukimbia tena, lakini nawaambia ukweli, sikuzoea. Mwenzenu akisema amezoea, mtazameni mikono anapoziba.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutaja jina. Kabla ya kuziba, watu wawili wanamtazama marehemu usoni, wanasoma kibandiko cha mkononi, na kila mmoja anamtaja huyo marehemu kwa jina, kwa sauti. Alisema ni kwa ajili ya kuepuka makosa, na ni kweli. Mimi nikaongeza yangu. Kwetu mtu akifia mbali unamwambia njia: sasa tunavuka mto, sasa tunapita soko, ili roho yake isibaki ikizurura ugenini. Basi nilikuwa nikimwambia kila ninayemziba, tunakwenda uwanja wa ndege, utapanda, utafika kwenu. Bwana Nasoro alinisikia. Siku chache baadaye nikamsikia na yeye akimwambia mzee mmoja wa Pakistani, "Haya baba, safari njema, kwenu si mbali."

Sasa nije kwa Liuba. Alikuwa msichana wa Moldova, nchi ndogo iliyo katikati ya Romania na Ukraine, ambayo mimi nilikuwa sijui hata iko wapi. Alisimamia mkahawa mmoja pale Jumeirah Lakes Towers. Moyo wake ulisimama akiwa kazini, asubuhi, ameshika trei. Hakuwa ameolewa. Mama yake alipiga simu karakanani kupitia mpwa wake anayejua Kiingereza, na alikuwa na maombi mawili. La kwanza, binti avalishwe kama bibi harusi. La pili, aje mtu naye, mwanamume mwenye nguvu, kwa sababu kijijini hakuna wa kumpokea.

Ombi la kwanza lilituangukia mimi na Nakato, yule dada wa Uganda aliyekuwa akiwavalisha wanawake. Tulienda Deira kutafuta gauni. Mwenye duka alifurahi sana kutuona, akamuuliza Nakato bibi harusi ana mwili gani. Nakato akajibu ni mwembamba, mrefu kidogo kumzidi yeye. "Aje ajaribu basi, tutampunguzia hapahapa." Nakato akamwambia hawezi kuja. "Mpenzi, kila bibi harusi lazima ajaribu." Nakato akamtazama tu, macho yakamjaa machozi, na mwenye duka akafunga gauni kwenye mfuko bila neno lingine. Nakato alipomvalisha Liuba alimpiga picha moja kwa simu, akamtumia mama ili alione gauni. Halafu tukataja jina, sote wawili, nikaziba.

Kuhusu ombi la pili, arbab wetu, yaani tajiri mwenye karakana, alikuwa hapendi kabisa kusindikiza maiti kwa watu. Lakini mwenye mkahawa aliingilia kati, na siku moja arbab akaniambia, "Yalla, nenda wewe, umrudishie mama yake, khalas." Shida niliyoipata kutafuta visa ya Moldova sitaisimulia, maana mtafikiri natunga.

Tulifika Kishinau, mji wao mkuu, asubuhi ya baridi. Aliyetupokea ni Ioni, yule mpwa, mtu wa makamo mwenye gari la mizigo. Tulimpakia Liuba nyuma, tukaondoka. Nilimwambia njia kama kawaida yangu, sasa tunatoka mjini, sasa tunapita mashamba ya mizabibu. Ioni aliuliza nasema nini. Nilipomweleza, akazima redio ya gari, na kila tulipopita mahali akanitajia jina la mahali pale ili nimwambie Liuba.

Nimetoka kijijini, nimeishi Dubai, nadhani najua umaskini na najua utajiri. Kile kijiji kilinichanganya. Nyumba zilikuwa nzuri: za ghorofa, mageti ya chuma ya bluu na kijani yenye nakshi za mabawa ya ndege, ambayo mimi fundi nilitamani kusimama niyaguse. Mapazia yamefungwa vizuri, nyua zimefagiwa. Na hapakuwa na mtu. Ukungu umetanda, mchana kweupe, tunapita nyumba baada ya nyumba, na kutoka ndani ya kila nyumba nikasikia watu wakizungumza. Sauti ya mwanamume hapa, ya mwanamke pale, muziki kidogo, kicheko. Nikamuuliza Ioni watu hawa mbona hawatoki nje.

"Hakuna watu," akasema. "Ni redio."

Akanieleza tukiwa tunaenda polepole kwenye tope. Wenye nyumba wako Italia, Ujerumani, Urusi, Israeli, Dubai. Nyumba wamezijenga kwa kazi za huko, na wanakuja kuzilalia wiki mbili za kiangazi, wengine hawaji kabisa. Funguo wameziacha kwa shangazi yake, Mama Vera, ambaye ndiye mama yake Liuba. Yeye huzunguka kila asubuhi akifungua madirisha na kuwasha redio, na jioni huzunguka tena kuzizima. Anasema nyumba ikizoea kimya inaanza kubomoka. Ioni alisema hayo kama mtu anayeeleza habari za kunywesha ng'ombe.

Tulipita shule. Imefungwa. Nilichungulia dirishani Ioni aliposimama kurekebisha kamba, nikaona viti vimepinduliwa juu ya madawati, na ubaoni hesabu ya mgawanyo haijamalizwa. Tulipita zahanati, ina kufuli, nesi huja akipata usafiri. Ioni mwenyewe mke wake yuko Italia, anamwogesha na kumlisha bibi kizee wa Kiitaliano, huku mama mzazi wa mke huyo alikufa hapo kijijini bila wa kumpa maji. Nikamuuliza wanaonana lini. Akasema kila siku, wakati wa chakula. Anaegemeza simu kwenye mkate, mkewe anakula huko, yeye anakula hapa.

Nilicheka, halafu nikaacha. Mimi na Mama Brian wangu tulikuwa tukifanya vilevile miaka yote, tofauti ni kwamba sisi tunaegemeza kwenye chupa ya chai. Na hata Kakamega kuna nyumba nzuri zenye mapazia ambazo mwenyewe yuko Doha, na anayekaa ndani ni mlinzi na kuku. Nilidhani sisi Waafrika ndio tunaoondoka na Ulaya ndiko kunakoendwa. Kumbe kuna Ulaya nyingine inayoondoka kama sisi, imebakiza wazee tu, na hakuna anayeiuliza habari.

Mama Vera alikuwa mlangoni, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheusi kichwani na furushi la funguo kiunoni. Hakulia. Alishika mikono yangu akaitazama viganja, akasema kitu. Ioni akatafsiri: anauliza hii ndiyo mikono iliyomfunga. Nikasema ndiyo mama. Akaibusu kabla sijaiondoa.

Tulimweka Liuba katikati ya sebule, wazee wachache wakisaidia. Sasa, desturi ya huko chumba cha marehemu huachwa baridi. Lakini Mama Vera alikuwa amewasha jiko la kuni, kubwa, la ukutani, limewaka tangu asubuhi. Alisema binti yake ametoka nchi ya joto, atahisi baridi. Nilijua kitakachotokea nikashindwa nikiseme vipi.

Hatukukaa muda. Ko.

Wazee wote wakageuka. Ko, ko. Bati lilikuwa limetoka kwenye tumbo la ndege na gari la baridi, sasa linapata joto, linajitanua. Nilimwambia Ioni awaeleze haraka, na akawaeleza, na bibi mmoja akatikisa kichwa kwa heshima kama unavyomtikisia mtoto kichwa. Mama Vera alikwenda akaweka sikio juu ya mbao. Likagonga palepale alipoweka sikio. Nikaona anaitikia kwa kichwa, taratibu, anasikiliza, anaitikia.

Halafu akainuka akasema kitu, na Ioni hakutafsiri.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Anasema Liuba anauliza bwana harusi yuko wapi."

Ndipo nikaelezwa. Kwao, msichana akifa hajaolewa, mazishi yake ni harusi. Anavalishwa gauni, kunakuwa na mti wa msonobari uliopambwa, na kijana mmoja ambaye si ndugu anasimama kando yake kama bwana harusi, amevaa pete ya nta, mpaka kaburini. Asipopewa bwana harusi, wanaamini hatulii. Anarudi kutafuta mwenyewe, na anayemkuta anaondoka naye. Kasisi hushughulikia vijiji vingi, angefika alasiri hiyohiyo na kuondoka, kwa hiyo lililokuwa lifanyike lilipaswa kufanyika kabla ya hapo. Na kijana hakuna. Ioni ni ndugu. Wazee waliobaki ni ndugu au wajomba. Kijana wa mwisho asiye ndugu yuko Poland anafungasha mboga.

Wote wakanitazama mimi.

Nilikataa. Nilikataa kwa Kiingereza, kwa mikono, mpaka kwa Kiarabu, khalas, hapana. Msifikiri nilikataa kwa kuwa naona ni ushirikina. Nilikataa kwa sababu niliuamini. Kwetu mtu akiitwa mume wa marehemu mbele ya watu, basi ni mgane, na mgane harudi kwake hivihivi kama aliyetoka sokoni. Na nina mke. Nikasema hivyo, mimi nimeoa, mke wangu yuko Kenya. Mama Vera akauliza nimemwona lini mara ya mwisho. Nikataja. Akasema kitu kifupi, na wale mabibi wakacheka kidogo katikati ya msiba.

"Anasema," Ioni akaniambia, "basi umeoa kama sisi tulivyooa. Kwa simu."

Ko, sanduku likasema. Ninajua bati, nimelifanyia kazi tangu ujana, na bado nilirudi nyuma.

Nikatoka uani nikampigia Mama Brian. Alikuwa shambani, nasikia jembe likitupwa chini.

"Baba Brian, umekunywa nini huko?"

"Sijakunywa kitu. Wanataka nisimame na maiti kama mume wake."

"Na wewe umesema aje?"

"Nimekataa."

"Vizuri. Sasa mbona unanipigia?"

Nikamweleza habari za nyumba zenye redio, za kijiji kisicho na kijana hata mmoja, za mama kuitikia kwa kichwa juu ya sanduku. Akasema, "Nipe huyo mama."

"Hamtasikilizana."

"Nipe."

Nilirudi ndani nikamwekea Mama Vera simu sikioni. Sijui Mama Brian, Rhoda wangu, alimwambia nini. Najua aliongea Kiluhya, maana nilisikia kwa mbali, na sauti aliyotumia ni ile ya kina mama wanapoingia boma la msiba. Mama Vera akajibu kwa Kiromania. Wakaongea wote kwa pamoja, kila mmoja lugha yake, hakuna anayemngoja mwenziwe. Kisha yule mama, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu tufike, alikunja uso akalia, akalia akiwa ameshikilia simu kwa mikono miwili, na huko Kakamega mke wangu naye analia. Niliporudishiwa simu, Rhoda alikuwa anavuta kamasi.

"Simama naye," akasema. "Mtoto wa watu asizurure. Lakini mwambie mimi ndiye mkubwa. Umwambie kwa jina langu. Na ukitoka huko unyoe nywele zote kabla hujanipigia tena."

Nilivaa koti jeusi la marehemu mume wa Mama Vera, lililonibana kwapani. Bibi mmoja alifinyanga pete kutoka kwenye mshumaa, ikiwa bado na uvuguvugu, akanivisha. Nikasimama upande wa kichwa, nikainama kwenye mbao, nikamwambia kwa Kiswahili. Nilisema, Liuba, mimi naitwa baba yake Brian, ndiye niliyekuziba. Nimekuja kusimama nawe. Mke wangu mkubwa ni Rhoda, binti wa watu wa Butere, anakusalimu. Umefika kwenu. Usitafute mwingine.

Sanduku halikugonga tena. Najua sababu: mlango ulikuwa umefunguliwa kwa ajili ya kumtoa, baridi imeingia, na hakuna aliyekuwa akitia kuni. Najua hivyo. Bado sijawahi kuwa na hofu maishani mwangu kama ile niliyokuwa nayo wakati wa kimya kile.

Kasisi alikuja, akaniona, akatazama pembeni, akaendelea na sala zake. Tukatoka. Kwenye kila njia panda walisimama wakatandika kitambaa chini, nasi tukapita juu yake. Waliotembea nyuma yetu walikuwa mabibi watupu, na kila mmoja ameinua simu mbele yake. Kwenye kila simu kuna uso. Binti zao, wana wao, rafiki za Liuba waliosoma naye kwenye ile shule iliyofungwa, wengine wamevaa sare za kazi, mmoja yuko jikoni mwa watu ameshika mfagio. Walikuwa wanalia. Sauti zao zilichelewa kidogo, mabibi wakinyamaza ndipo simu zinaanza. Na tulipopita nyumba zile za mapazia, redio nazo zikawa zinaongea, kwa kuwa jioni hiyo hakuna aliyekumbuka kwenda kuzizima. Nimesindikiza watu wengi makaburini. Sijawahi kuona msafara wenye sauti nyingi na miguu michache namna ile.

Baada ya mazishi walinipa kabichi iliyoviringishwa na wali ndani, na divai. Mama Vera alinikalisha kwenye kiti kilichokuwa cha mumewe. Akauliza kupitia Ioni, "Nikifa mimi, utakuja?" Hakuuliza kama anayeomba. Alikuwa na mkwe sasa, anamuuliza mkwe wake.

Mnajua sisi watu wa Dubai tukishindwa kusema hapana tunasemaje. Nikasema inshallah. Ioni akanitazama, maana aliwahi kufanya kazi ya ujenzi Sharjah na neno analijua. Akamtafsiria shangazi yake, "Amesema ndiyo."

Nilirudi Deira nikanyoa kipara kwa Mpakistani mmoja wa Naif, ndiyo ile siku mliyonicheka. Pete ya nta iliyeyukia mfukoni kabla sijafika hata kituo cha metro. Mama Vera alinipigia kila Pasaka, ya kwao, ambayo si siku moja na yetu. Hatukuwa na lugha. Alikuwa akisema jina langu, nami nasema mama, halafu ananisikilizisha redio ya nyumba fulani, nami namsikilizisha kelele za Al Ras, mikokoteni na wachukuzi, mpaka mmoja wetu achoke.

Alikufa mwaka huu, kabla kidogo ya mimi kustaafu. Ioni alinipigia akasema waliobaki ni mabibi na mzee mmoja mwenye fimbo, na yeye peke yake hawezi kubeba jeneza. Nilienda kwa arbab kuomba ruhusa.

"Msiba wa nani?"

"Mama mkwe."

"Si ulishamzika mama mkwe wako?"

"Huyu ni mwingine."

Alinitazama sana, akasema nenda.

Nilibeba upande wa kichwa, Ioni miguuni, na majirani kutoka kijiji kingine katikati. Redio zote zilikuwa kimya. Nyumba moja ilikuwa imeanguka paa. Tulipomaliza Ioni alinipa funguo za nyumba ya Mama Vera niingie nichague cha kukumbukia, kwa kuwa mimi mkwe ndiye mwenye haki, si yeye.

Juu ya kitanda chake kulikuwa na picha kubwa ndani ya fremu. Fundi picha wa mjini aliitengeneza. Alichukua ile picha aliyoipiga Nakato, ya Liuba na gauni la Deira, akamsimamisha wima kwenye shamba la mizabibu. Macho amemfungua. Na kando yake, na lile koti lililonibana, kama nilivyopigwa picha siku ya mazishi, nimesimama mimi, mkono wake umepitishwa kwenye wangu, tunatazama mbele, na yeye ndiye anayetabasamu.

Niliketi kitandani pa yule mama. Nilifikiri niiache. Nilifikiri niichome. Mwishowe niliifunga kwa shuka lake nikaja nayo Dubai, kisha nikaja nayo huku, na kwa siku kadhaa niliificha nyuma ya kabati, naona aibu, naona na woga.

Rhoda aliikuta akifagia. Aliitazama, kisha akauliza misumari iko wapi. Ipo sebuleni sasa, imetundikwa kando ya ile ya harusi yetu, hiyo yetu ikiwa juu kidogo. Wageni wakiingia huuliza huyo mzungu ni nani, na mimi huinamia chai yangu. Rhoda ndiye anayejibu.

"Huyo ni mke mwenzangu," huwaambia. "Alitangulia. Kwao hakukuwa na watu."